Mary Seacole: Mwenye Hoteli Aliyewafuata Wageni Wake Hadi Vitani

Mwezi Novemba mwaka 1856, mjane mmoja kutoka Jamaika alitangazwa mjini London kuwa mufilisi. Umri wake ulikuwa umevuka miaka 50. Alikuwa ametoka Krimea, kwenye ufuo wa Bahari Nyeusi, ambako kwa zaidi ya mwaka mmoja aliwalisha, aliwauzia bidhaa na kuwatibu maofisa na askari wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakipigana na Urusi. Vita vilikwisha, jeshi likarejea nyumbani, na hoteli yake ikabaki na shehena isiyo na mnunuzi. Miezi minane baadaye, maelfu ya watu walimiminika katika bustani moja ya burudani mjini humo kwa siku nne mfululizo ili kumchangia.

Mwanamke huyo alikuwa Mary Seacole. Leo dunia inamkumbuka zaidi kama muuguzi, na kumbukumbu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kazi iliyompa riziki tangu ujana wake hadi alipofilisika ilikuwa ya kupokea wageni: kuendesha nyumba za wageni, migahawa na maduka ya vyakula. Uuguzi wake ulizaliwa humo humo, kwa kuwa katika nyumba aliyolelewa, mgeni aliyeugua hakuacha kuwa mgeni.

Nyumba ya mama Kingston

Mary Jane Grant alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805, wakati kisiwa hicho kikiwa koloni la Uingereza na uchumi wake ukitegemea mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Baba yake alikuwa askari Mskoti. Mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Afrika, aliyemiliki nyumba ya wageni iliyojulikana kwa jina la Blundell Hall. Mary alizaliwa huru, lakini uhuru wa watu wa rangi yake ulikuwa na mipaka mingi. Utumwa wenyewe haukukomeshwa katika makoloni ya Uingereza hadi mwaka 1834, na watumwa wa Jamaika hawakupata uhuru kamili hadi mwaka 1838.

Blundell Hall ilipokea zaidi maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini pamoja na wake zao. Wengi walifika wakiwa na homa za nchi za joto, na wengine walikuja hasa kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa mganga mashuhuri wa mitishamba. Hivyo nyumba hiyo ilikuwa hoteli na hospitali kwa wakati mmoja. Aliyepanga chumba alipata kitanda safi, chakula kilichopikwa kwa uangalifu na, alipohitaji, dawa na mtu wa kumkesha.

Binti alijifunza kwa kutazama. Alianza kwa kumtibu mwanasesere wake, akaendelea na mbwa na paka, na baadaye akazijaribu dawa mwilini mwake mwenyewe. Alipofikisha umri wa kusaidia kazi, alikuwa tayari anajua mambo mawili ambayo hayakumtoka maisha yake yote: namna ya kuendesha jiko na namna ya kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Aidha, alikuwa na hamu kubwa ya kusafiri, na safari zake nyingi alizigeuza kuwa biashara. Akiwa bado msichana alikwenda London, ambako watoto wa mitaani waliidhihaki rangi yake na ya mwenzake. Dhihaka hiyo haikumzuia kurudi. Safari ya pili alichukua shehena kubwa ya matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari na achari za Karibi, akaiuza huko. Alifika pia Bahama, Haiti na Kuba.

Mwaka 1836 aliolewa na Edwin Horatio Hamilton Seacole, nao wakafungua duka mjini Black River. Duka halikustawi, afya ya mume ilikuwa dhaifu, na wote wawili wakarejea Kingston. Kisha misiba ikafuatana. Mwaka 1843 moto mkubwa uliunguza sehemu ya Kingston, na Blundell Hall ikateketea. Mwaka uliofuata mumewe alifariki dunia, na haukupita muda mrefu mama yake naye akafariki. Mary alibaki na kiwanja, ujuzi na jina jema la mama yake. Aliijenga upya nyumba hiyo, akaendelea kupokea wageni, wala hakuolewa tena.

Mwaka 1850 kipindupindu kiliingia Jamaika na kuua makumi ya maelfu ya watu. Mary aliwauguza waliougua, na akajifunza mengi kutoka kwa daktari aliyekuwa amepanga katika nyumba yake. Hakujua kwamba ujuzi huo ungehitajika tena baada ya muda mfupi.

Mgahawa wa Cruces

Mwaka 1851 alivuka bahari kwenda Panama, wakati huo ikiwa sehemu ya Granada Mpya, nchi inayoitwa leo Kolombia. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California, na maelfu ya watu kutoka mashariki ya Marekani walikatisha shingo hiyo nyembamba ya ardhi ili kufika Bahari ya Pasifiki. Reli ilikuwa haijakamilika. Wasafiri walipanda mitumbwi katika Mto Chagres hadi miji midogo ya Gorgona na Cruces, kisha wakaendelea kwa nyumbu. Edward, kaka yake Mary, alikuwa amefungua hoteli Cruces.

Mary alifika na masanduku ya nguo, vyakula vilivyohifadhiwa na jeli ya mapera, akitarajia kuona biashara iliyostawi. Alikuta kibanda kilichojaa wasafiri wenye matope hadi magotini, na usiku wa kwanza hakupata hata kitanda. Siku chache baadaye rafiki wa kaka yake alikufa ghafla. Watu walinong’ona kwamba amepewa sumu. Mary aliutazama mwili na kutambua kuwa ni kipindupindu. Mji haukuwa na daktari wa kuaminika, hivyo alifungua sanduku lake la dawa na kuanza kazi. Wenye uwezo walilipa vizuri; maskini hawakutozwa. Mwishowe yeye mwenyewe aliugua, akapona.

Maradhi yalipotulia, alifungua mgahawa wake mkabala na hoteli ya kaka yake. Hapo ndipo tabia yake ya uendeshaji ilipoonekana wazi. Hakujaribu kuwa na kila kitu. Hakuweka vitanda, maana kulaza watu katika mji ule kulileta ugomvi, wizi na hasara. Aliuza chakula, katika chumba chenye nafasi ya watu wapatao 50, na akaweka kinyozi kwa ajili ya wasafiri waliokuwa na ndevu za majuma kadhaa. Vyakula vilikuwa adimu na bei zilikuwa juu. Mayai yalitozwa moja moja, na malipo yalihesabiwa kwa maganda yaliyobaki mezani, jambo lililomlazimu kuwa macho kila wakati dhidi ya wateja wajanja. Mwenye mgahawa asiyejua idadi ya mayai yaliyotoka jikoni asingedumu Cruces.

Wateja wake wengi walikuwa Wamarekani, na baadhi yao walikuja na chuki ya rangi waliyoizoea kwao. Katika karamu moja, mgeni alisimama kumsifu kwa kazi aliyoifanya wakati wa kipindupindu, kisha akasikitika hadharani kwamba mwanamke mwema kiasi hicho hakuzaliwa mweupe. Mary alimjibu mbele ya watu wote. Aliwaeleza kwamba hakuwa na haja ya kubadilishiwa rangi. Kama ngozi yake ingekuwa nyeusi kabisa, angeridhika nayo vilevile. Alikuwa mwenyeji, nao walikuwa wageni wake, lakini ukarimu wake haukuwa na maana ya kukubali kudharauliwa.

Baadaye alihamia Gorgona, ambako kwa muda aliendesha hoteli iliyopokea wanawake peke yao. Alipotaka kurudi nyumbani alikata tiketi katika meli ya Kimarekani, lakini abiria walikataa kusafiri naye kwa sababu ya rangi yake. Alishuka, akasubiri meli ya Kiingereza. Mwaka 1853 alikuwa tena Jamaika, safari hii akipambana na homa ya manjano, na mamlaka za jeshi zikamwomba asimamie uuguzi katika kambi ya Up-Park.

Milango iliyofungwa London

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa dola ya Waturuki dhidi ya Urusi, na majeshi yao yakapelekwa Krimea. Askari walikufa kwa kipindupindu, kuhara na baridi kuliko kwa risasi. Vikosi kadhaa vilivyokuwa huko vilikuwa vimewahi kukaa Jamaika, na Mary aliwafahamu maofisa wao kwa majina. Aliondoka Panama, ambako alikuwa amerejea kufunga mambo yake, akaenda London kuomba kazi ya uuguzi.

Alikwenda Wizara ya Vita. Alikwenda kwa wakuu wa ugavi na wa tiba wa jeshi. Alikwenda kwa waliokuwa wakichagua wauguzi wa kumfuata Florence Nightingale, na kwa wasimamizi wa mfuko wa misaada ya Krimea. Alibeba barua za madaktari waliomwona akifanya kazi. Kote alikataliwa. Jioni moja ya baridi alisimama barabarani akilia, akijiuliza kama kilichomfungia milango ni rangi ya ngozi yake.

Asubuhi iliyofuata machozi hayo aliamua namna nyingine ya kwenda. Jeshi lilikuwa limemkataa kama muuguzi, lakini hakuna aliyeweza kumzuia kwenda kama mfanyabiashara. Aliingia ubia na Thomas Day, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye walikuwa wamekutana Panama. Kabla ya kusafiri alichapisha kadi na kuzituma kwa maofisa aliowafahamu, akiwaarifu kwamba angefungua Krimea hoteli yenye meza nzuri ya chakula na makazi ya starehe kwa maofisa wagonjwa na wanaopata nafuu. Alitumia akiba yake kununua bidhaa na dawa, na mapema mwaka 1855 akapanda meli.

Njiani alisimama Scutari, ng’ambo ya Konstantinopoli, katika hospitali ya Nightingale. Wanawake hao wawili walizungumza kwa muda mfupi na kwa adabu. Mary hakuomba kazi. Aliomba mahali pa kulala usiku mmoja, akapewa nafasi katika makazi ya wanawake wafuaji nguo, na baadaye akaendelea na safari yake.

Hoteli ya mabati na mbao za baharini

Bandari ya Balaklava ilikuwa imesongwa na meli, matope na wagonjwa. Kwa majuma kadhaa Mary hakuwa na nyumba. Alilala melini na mchana alilinda bidhaa zake gatini, huku akiwapa chai na kuwafunga vidonda askari waliosubiri kupakiwa kwenda hospitali. Wezi walimsumbua usiku na mchana.

Alichagua mahali pa kujenga karibu na Kadikoi, akapaita Spring Hill. Palikuwa kando ya njia kuu ya vifaa kati ya bandari na kambi zilizouzingira mji wa Sevastopol. Kila aliyepanda kwenda mstari wa mbele na kila aliyeshuka kwenda bandarini alipita hapo. Hoteli ilijengwa kwa vilivyopatikana: mbao zilizookotwa baharini, masanduku ya mizigo, mabati na milango ya mitumba. Kulikuwa na chumba kikubwa chenye kaunta na rafu, ghala juu yake, jiko, vibanda viwili vya kulala na zizi la mifugo lililozungushiwa ua. Ilianza kazi mwezi Machi 1855, na ilipokamilika katika kiangazi cha mwaka huo ilikuwa imegharimu pauni 800. Jina lake lilikuwa British Hotel, lile lile alilokuwa amelitumia Cruces.

Mpango wa kuweka vitanda kwa ajili ya wageni aliuacha mapema. Alexis Soyer, mpishi mashuhuri Mfaransa aliyekuwa Krimea kurekebisha upishi wa jeshi, alimtembelea na kumshauri kwamba maofisa walikuwa na mahema na meli za kulala. Walichokosa kilikuwa chakula na vinywaji. Ushauri huo ulilingana na yale ambayo Mary aliyajua tangu Cruces, na akaufuata.

Siku yake ilianza kabla ya mapambazuko. Kuku walinyonyolewa, unga ukakandwa na dawa zikachanganywa. Kulipokucha walifika wachukuzi wa jeshi kunywa kahawa, kisha wagonjwa waliohitaji dawa, kisha maofisa waliotaka kununua chochote kuanzia sindano hadi buti na vyakula vya makopo. Wapishi wake walikuwa watu weusi wawili, na jiko liliandaa pia karamu zilizopelekwa kambini. Maofisa waliomfahamu walimwita mama. Wapo waliosafiri mwendo mrefu ili kupata pudini ya mchele, chakula rahisi ambacho kwa mtu aliyedhoofishwa na kuhara kilikuwa pia dawa. Krismasi ilipokaribia, maombi ya keki na pudini yalikuwa mengi kiasi kwamba mikono ya jikoni haikutosha.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na sheria. Milango ilifungwa saa mbili usiku. Kamari ilipigwa marufuku, na ulevi haukuvumiliwa. Hata hivyo pombe iliuzwa, na jambo hilo ndilo lililomtia shaka Nightingale. Miaka mingi baadaye, katika barua ya faragha, Nightingale alikiri kwamba Mary aliwatendea askari wema mwingi, lakini alilalamikia ulevi na hakutaka wauguzi wake wahusiane na nyumba hiyo. Tofauti yao ilikuwa kubwa. Mmoja alisimamia hospitali ya serikali kwa kanuni. Mwingine alipaswa kuuza ili aweze kesho yake kugawa dawa bure.

Maana kugawa huko kulikuwa sehemu ya kazi. Siku za mapigano Mary alifunga mizigo ya mikate, nyama, mvinyo na bandeji, akapanda na nyumbu wake hadi karibu na mstari wa mbele. Alionekana katika shambulio la mwezi Juni dhidi ya ngome za Sevastopol, na katika Vita vya Mto Chernaya mwezi Agosti, ambako aliwahudumia pia Warusi waliojeruhiwa. Sevastopol ilipoanguka mwezi Septemba 1855, aliingia mjini ungali ukiwaka moto, akiwa na chakula kwa ajili ya askari waliochoka. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times, aliyaona hayo kwa macho yake na akaziandikia nyumba za Uingereza habari zake.

Amani iliyoleta hasara

Baada ya Sevastopol kuanguka, jeshi liliendelea kukaa Krimea, na kwa miezi kadhaa biashara ilistawi. Kulikuwa na mashindano ya farasi, michezo ya kuigiza na karamu, na British Hotel ilizihudumia. Mary na Day walijaza ghala. Vita vingeweza kuendelea mwaka mwingine, na mfanyabiashara aliyekosa bidhaa angepoteza wateja.

Tarehe 30 Machi 1856 mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Paris. Vikosi vilianza kuondoka kimoja baada ya kingine. Bidhaa zilizonunuliwa kwa bei ya vita hazikuwa na wa kuzinunua. Mifugo na vyakula viliuzwa kwa bei ya kutupa kwa Warusi waliobaki, na sehemu ya mvinyo Mary aliivunja kwa nyundo kuliko kuiacha. Gharama za ujenzi hazikuweza kurudi. Yapo pia mauzo ya mkopo: katika kambi ya vita, mteja aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi hakuwa na hakika ya kuufikia mwisho wa mwezi.

Kwa hesabu za kibiashara, kosa linaonekana. Hoteli ilikuwa na mteja mmoja tu, yaani jeshi, na mteja huyo angeondoka siku moja kwa amri isiyomhusu mwenye hoteli. Mama lishe anayefuata kambi ya ujenzi wa reli au bwawa analifahamu jambo hilo: siku mradi unapokamilika, nchi nzima hufurahi, naye hubaki na magunia ya mchele. Mary hakuwa mzembe. Alihesabu mayai, alisimamia jiko na alichagua mahali pazuri. Alichokosa ni mpango wa siku ambayo wageni wasingerudi tena.

Alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuondoka Krimea. Huko Uingereza, yeye na Day walijaribu kufungua biashara karibu na kambi ya jeshi ya Aldershot, lakini haikusimama. Mwezi Novemba walitangazwa kuwa mufilisi.

Wageni wanakumbuka

Habari za kufilisika kwake zilipofika magazetini, waliowahi kula mezani kwake waliandika barua za kumtetea. Askari wa kawaida na majenerali walichanga kwa pamoja. Mapema mwaka 1857 mahakama ilimpa hati ya kumwondoa katika ufilisi. Mwezi Julai mwaka huo tamasha la siku nne liliandaliwa kwa heshima yake katika bustani za Royal Surrey, likiungwa mkono na makamanda wa vita hivyo. Bendi za jeshi zilipiga, na umati uliofika ulikadiriwa kuwa watu 40,000. Fedha zilizomfikia, hata hivyo, zilikuwa kidogo mno, kwa kuwa kampuni iliyoendesha bustani hizo nayo ilifilisika. Alipata pauni 57.

Mwezi huo huo alichapisha kitabu cha maisha yake, ambacho Russell alikiandikia dibaji. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kuandikwa na mwanamke mweusi nchini Uingereza. Ndani yake alijitambulisha bila aibu kama mwenye hoteli na mfanyabiashara, akieleza bei, wizi, panya na mapishi kwa bidii ile ile aliyoeleza mapigano na maradhi. Mengi yanayojulikana leo kuhusu nyumba zake yametoka humo.

Baadaye alirudi Jamaika, akanunua kiwanja na kujenga nyumba Kingston. Mwaka 1867 mfuko wa kumsaidia ulifufuliwa London, safari hii ukiungwa mkono na watu wa familia ya kifalme, na ukamwezesha kuishi bila wasiwasi. Alirejea London, ambako alihudumia kwa kukanda viungo vya Binti Mfalme wa Wales, aliyesumbuliwa na maumivu ya mguu. Alifariki dunia tarehe 14 Mei 1881 na kuzikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Kensal Green. Mwanamke aliyeingia mahakama ya ufilisi miaka 25 kabla aliacha mali yenye thamani ya zaidi ya pauni 2,500.

Kwa miongo mingi jina lake lilififia, na hata kaburi lake likasahaulika. Mwaka 1973 kaburi hilo lilitengenezwa upya kwa juhudi za wauguzi na marafiki wa Jamaika. Nchi yake ilimtunuku Nishani ya Ustahili, mwaka 2004 alichaguliwa kwa kura za wananchi kuwa Mwingereza mweusi mkuu kuliko wote, na tarehe 30 Juni 2016 sanamu yake ilizinduliwa katika viwanja vya hospitali ya St Thomas mjini London, ikitazamana na Bunge ng’ambo ya mto Thames. Kingston, mahali iliposimama Blundell Hall, sasa ipo Maktaba ya Taifa ya Jamaika.

Hoteli yake ya Krimea haikuacha jengo. Mbao zilirudi kuwa kuni na mabati yakachukuliwa. Kilichobaki ni deni ambalo halikuandikwa katika daftari lolote la wadai, nalo lilikuwa upande wa wageni. Walilipa kwa kuchelewa, na si kwa ukamilifu. Lakini walilipa kwa sababu walikumbuka kwamba katika nchi ya baridi na matope palikuwa na mlango ambao mtu mwenye fedha angepata chakula kizuri, na asiye nacho kitu, akiwa mgonjwa, asingefukuzwa.